Bado Nasikia Baridi: Thairoidi, Dawa na Joto la Mwili Kigali

Mtu anameza levothairoksini kwa sababu tezi yake ya thairoidi imezembea, na wiki tatu baadaye bado amevaa sweta saa sita mchana. Mwingine anameza kabimazoli kwa sababu tezi yake imepitiliza, na usiku bado anafungua madirisha wakati mwenzake amejifunika gubigubi. Wote wawili wanajiuliza dawa inafanya nini. Wapo wanaonunua kipimajoto, wakaandika namba kila asubuhi, kisha wakaongeza au kupunguza vidonge kwa kuzifuata namba hizo. Ninachokitetea hapa ni kwamba kusikia baridi au joto ni dalili ya kuheshimiwa, lakini kipimajoto hakina uwezo wa kumpangia mtu dozi ya homoni. Kwa mkazi wa Kigali, kinachoichelewesha nafuu mara nyingi kiko kwenye kalenda, kwenye kikombe cha asubuhi au kwenye damu, na huko ndiko kwa kutazama kabla ya kuigusa dozi.

Jiji lenyewe linachanganya mambo. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wastani wa joto lake ni nyuzi 20 au 21, na usiku hushuka mpaka 15 au 16. Aliyehamia Nyamirambo kutoka Mombasa atasikia baridi hata kama tezi yake ni nzima kabisa. Anayetetemeka ataambiwa ni mvua za Aprili. Anayelowa jasho ataambiwa ni vilima. Isitoshe, kutetemeka nchini Rwanda kunamaanisha malaria kwanza, na ni haki iwe hivyo: mshauri wa afya wa kijijini ana kipimo cha haraka, na malaria inaua upesi kuliko thairoidi. Tatizo huja pale kipimo kinapotoa jibu la hapana na safari ikaishia hapo, mwaka baada ya mwaka, huku uzito ukipanda, sauti ikikwaruza na hedhi ikivurugika.

Joto la ndani ya mwili hulindwa na haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo inayolishikilia karibu na nyuzi 37. Thairoidi hailipangi joto hilo. Inaamua kuni ngapi zichomwe. Tezi hutoa zaidi homoni ya T4, ambayo viungo vingine huibadilisha kuwa T3, na T3 ndiyo inayoingia ndani ya seli kuharakisha matumizi ya oksijeni na kuyaandaa mafuta ya kahawia yatoe joto. Mjerumani Adolf Magnus-Levy aliliona hilo mwaka 1895 alipopima pumzi za wagonjwa: wenye thairoidi iliyopitiliza walitumia oksijeni nyingi kuliko watu wazima wa afya, na wenye upungufu walitumia kidogo.

Homoni ikipungua, mwili haukubali kupoa kirahisi. Unabana mishipa ya damu ya ngozini ili joto libaki ndani, na ndiyo maana mikono inakuwa baridi, ngozi kavu na jasho adimu, huku joto la ndani likiwa karibu sawa na la mtu mwingine. Homoni ikizidi, mishipa hufunguka na jasho likatiririka. Kiganja cha mgonjwa kinakuwa cha moto na chenye unyevu, jambo ambalo madaktari wa zamani walilitambua kwa kumpa mgonjwa mkono tu. Kwa hiyo anayesema anasikia baridi ilhali kipimajoto kinaonyesha nyuzi 36.5 hasemi uongo, na kipimajoto nacho hakijaharibika. Vinasema habari mbili tofauti. Mwaka 2019 watafiti wa Basel, Uswisi, waliwaweka watu wenye upungufu kwenye ubaridi kabla na baada ya matibabu. Kabla ya homoni kurudi, miili yao haikuweza kuongeza uzalishaji wa joto ipasavyo. Baada ya matibabu uwezo huo ulirejea. Malalamiko ya mgonjwa yalionekana kwenye mashine, ila mashine yenyewe ilipima nishati inayotumika mwilini, kitu ambacho kipimajoto cha kwapani hakikioni.

Nasisitiza kwapani kwa sababu huko ndiko imani ya kipimajoto ilikozaliwa. Mwaka 1942 daktari wa Kimarekani Broda Barnes aliandika kwamba joto la kwapani asubuhi kabla ya kuinuka kitandani linaweza kufichua upungufu wa thairoidi, na kwamba chini ya nyuzi 36.6 hivi mtu ashuku. Vipimo vya damu vya leo havikuwepo, kwa hiyo hakuwa mjinga. Lakini wazo lake liliishi kuliko sababu zake. Mwaka 1990 Denis Wilson wa Florida alilisogeza mbele kwa kudai kuwa kuna ugonjwa mzima wa joto la chini, hata kama damu iko sawa, na kwamba tiba yake ni T3. Mgonjwa wake mmoja alikuwa amefariki mwaka 1988 kwa matatizo ya moyo baada ya kutumia homoni kupita kiasi, na mwaka 1992 bodi ya madaktari ya Florida ilimchukulia hatua za kinidhamu. Chama cha wataalamu wa thairoidi cha Marekani kilikwisha kukataa kuwa ugonjwa huo upo. Hata hivyo fikra hiyo inasafiri kwenye simu zetu mpaka Kimironko.

Kasoro yake ni hesabu. Nyuzi 37 ni urithi wa Mjerumani Carl Wunderlich, aliyechapisha mwaka 1868 vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000. Mwaka 1992 Philip Mackowiak na wenzake walipima vijana na watu wazima wenye afya huko Baltimore, wastani ukatoka 36.8, ukiwa wa chini kabisa alfajiri na wa juu alasiri. Kwapa huwa chini zaidi ya mdomo. Anayejipima kwapani saa kumi na mbili asubuhi amechagua mahali pa baridi na saa ya baridi, kisha anashangaa kukuta baridi. Kwa mwanamke mwenye hedhi kuna la ziada: baada ya yai kupevuka, projesteroni hupandisha joto kwa nyuzi 0.3 mpaka 0.5 na kulishikilia hadi hedhi ifike. Ukizingatia kuwa wagonjwa wengi wa thairoidi ni wanawake, daftari la namba za asubuhi linaweza kuwa linafuata mzunguko wa hedhi huku mwenyewe akidhani linaifuata dawa. Na vile vipimajoto vya paji la uso, tulivyovizoea milangoni wakati wa UVIKO-19 na tena Marburg ilipoingia Rwanda Septemba 2024, husoma ngozi. Ngozi ndiyo hasa inayopoa kwa mgonjwa wa upungufu, kwa hiyo kifaa hicho kinaweza kumpitisha mlangoni mtu mwenye homa.

Kuhusu namna mwili unavyolilinda joto lake, somo kubwa kuliko yote halikutoka Florida wala Basel. Lilitoka kwenye ziwa letu, kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu upande wa Kongo.

Katika miaka ya 1960 madaktari wa Kibelgiji, miongoni mwao François Delange, Claude Thilly na André Ermans, walifanya kazi Idjwi kwa msaada wa taasisi ya utafiti ya IRSAC iliyokuwa Lwiro. Walikuta rovu, ambalo Wanyarwanda huliita umwingo, kwa zaidi ya nusu ya watu wa kaskazini mwa kisiwa, wakati kusini-magharibi lilikuwa la wachache. Ajabu ni kwamba upungufu wa madini joto, yaani ayodini, ulikuwa uleule pande zote mbili. Tofauti ilikuja kuonekana kwenye mihogo: isipoandaliwa vizuri huacha mwilini thayosayaneti, inayoinyang'anya tezi ayodini kidogo iliyopo. (Mpenzi wa isombe asiogope. Kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa muda mrefu, kikaliwa na mtu mwenye chumvi yenye madini joto nyumbani, hakina hadithi hiyo.)

Jambo la pili la Idjwi linahusu moja kwa moja joto. Watu wengi wenye rovu walikuwa na T4 ndogo sana katika damu, ilhali T3 yao ilikuwa ya kawaida, wakilima na kuvua kama wenzao. Ayodini ilipoadimika, tezi ilichagua kutengeneza zaidi T3, inayohitaji ayodini pungufu na yenye nguvu zaidi. Mwili ulikubali kupoteza karibu kila kitu kabla ya kuipoteza homoni inayotia joto. Walioshindwa kabisa, hasa watoto waliozaliwa na upungufu mzito, walidumaa, ngozi ikawa kavu na ya baridi, akili ikachelewa.

La tatu lilitoka Karawa, katika eneo la Ubangi kaskazini mwa Kongo, ambako seleniamu nayo ilikuwa haba. Vimeng'enya vinavyobadilisha T4 kuwa T3 vinahitaji seleniamu, hivyo ilionekana busara kuwapa watu madini hayo. Majibu yaliyochapishwa mwaka 1991 yalikuwa onyo: kwa waliopewa seleniamu bila ayodini, homoni ilishuka zaidi, kwa sababu mwili ulipata uwezo wa kuitumia T4 haraka kuliko tezi ilivyoweza kuijaza. Leo vidonge vya seleniamu vinauzwa kama kiamsha thairoidi kwa kila mtu. Anayevinunua kwa ajili ya mikono baridi angepaswa kusikia habari za Karawa kwanza.

Kisha likaja pigo la upande wa pili. Chumvi yenye ayodini ilipoenea Kivu, mwaka 1996 iliripotiwa kwamba baadhi ya watu, hasa wenye rovu la vinundu la miaka mingi, walianza kutoka jasho, kukonda na kwenda mapigo ya mbio. Tezi zilizozoea njaa zililishwa ghafla. Hakuna anayesema chumvi ile ilikuwa kosa. Imeokoa akili za watoto wengi kuliko dawa yoyote ya thairoidi. Kwa hiyo bibi wa Rubavu mwenye rovu la tangu ujana, ambaye sasa hastahimili joto, apimwe homoni yake. Jibu la uzee lisubiri majibu ya maabara.

Rwanda haichimbi chumvi. Hununua nje, sehemu kubwa Kenya, na viwango vya Afrika Mashariki vinataka iwekwe ayodini. Kwa hiyo mgonjwa wa Kigali wa leo hafanani sana na wa Idjwi ya 1965. Anaweza kuwa na kinga ya mwili inayoishambulia tezi, katika ugonjwa ambao Hakaru Hashimoto aliueleza mwaka 1912, au inayoichochea, katika ule ambao Robert Graves aliueleza Dublin mwaka 1835. Au tezi imeondolewa kwa upasuaji. Hapo ndipo dawa inaingia.

Na dawa inataka subira ambayo haielezwi vya kutosha kwenye dirisha la dawa. Nusu ya levothairoksini iliyomo mwilini huchukua takriban siku 7 kuondoka, hivyo kiwango chake hutulia baada ya wiki tano au sita. Ndiyo maana TSH, homoni inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo kuiamrisha thairoidi, hupimwa wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza au kubadilisha dozi. Anayesikia baridi wiki ya tatu akajiongezea kidonge anahukumu dozi ambayo bado haijafika. Wiki ya saba atakuwa na jasho, mapigo ya mbio na usingizi wa mang'amung'amu, na akiwa mzee moyo unaweza kwenda mapigo yasiyo na mpangilio. Miaka ikipita, mifupa inapungua. Kwa kabimazoli hali ni ya kinyume lakini subira ni ileile: dawa huzuia homoni mpya kutengenezwa, wakati akiba iliyokwisha kujaa kwenye tezi inaendelea kumwagika kwa wiki kadhaa. Katika muda huo daktari huongeza propranololi ili kutuliza moyo na mtetemeko. Propranololi nayo hupoza vidole, kwa hiyo mtu anaweza kulalamikia joto mwilini na baridi mikononi kwa wakati mmoja, na akawa sahihi kwa yote mawili. Kabimazoli ikizidi, atahamia upande wa sweta.

Kisha kuna kifungua kinywa, ambacho kwa maoni yangu kinastahili swali la kwanza kliniki. Levothairoksini humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji, halafu mtu anasubiri nusu saa mpaka saa moja. Sasa tazama asubuhi ya Kigali. Chai ya maziwa, yenye kalsiamu inayoishika dawa. Uji wa Sosoma, ambao jina lake limeunganishwa kutokana na majina ya kigeni ya soya, mtama na mahindi, na soya hupunguza ufyonzwaji. Kahawa, fahari ya nchi, hufanya hivyohivyo. Mjamzito ana vidonge vya madini ya chuma alivyopewa kituo cha afya, ambavyo vinapaswa kukaa mbali na levothairoksini kwa saa 4. Mwenye kiungulia ana dawa yake. Mtu anayemeza kidonge pamoja na kikombe cha kwanza ili asisahau anaweza kuwa anapata sehemu tu ya alichoandikiwa, TSH ikabaki juu, daktari akaongeza dozi, na siku mgonjwa akisafiri na kuamka bila chai, dozi nzima ikamshukia. Wasioweza kusubiri asubuhi wanaweza kumeza usiku, saa 3 au zaidi baada ya chakula. Kwa wafungaji wa Biryogo, mwezi wa Ramadhani, hiyo huwa njia nyepesi kuliko kuamka mapema kabla ya daku. Muhimu ni saa moja isiyobadilika.

Vidonge vyenyewe havipendi joto: pakiti nyingi huandikwa vihifadhiwe chini ya nyuzi 25, na jiko la nyumba ya bati hupita hapo kila mchana. Kubadilisha aina ya kidonge nako si jambo dogo. Ufaransa, mwaka 2017, kampuni ya Merck ilibadilisha viambato vya Levothyrox huku homoni ikibaki ileile, na maelfu ya wagonjwa walilalamikia uchovu na maumivu. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ya Lyon iliamua kuwa hawakuarifiwa ipasavyo. Mfamasia wa mjini akikupa boksi la kampuni nyingine kwa sababu lile la zamani limeisha, pokea, ila mwambie daktari na uombe TSH baada ya wiki 6.

Wapo ambao TSH yao ni nzuri, wanameza vizuri, na bado wanasikia baridi. Kati ya kila wagonjwa 100 wanaotumia levothairoksini, 5 hadi 10 hubaki na dalili. Majaribio ya kuwaongezea T3 hayajatoa faida inayojirudia, ingawa baadhi huipenda. Kabla ya kwenda huko, mtu apimwe upungufu wa damu na akiba ya madini ya chuma, kwani damu hafifu huleta ubaridi uleule; aulizwe kama amepunguza kula; aulizwe hedhi. Mwanamke wa miaka 50 anayewaka ghafla shingoni na usoni huenda yuko kwenye kukoma hedhi na wala dozi haijazidi. Akianzishiwa estrojeni ya vidonge, au kijana akitumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, protini inayobeba homoni ya thairoidi huongezeka na dozi ya levothairoksini inaweza kuhitaji kupanda. Ujauzito hufanya hivyo kwa nguvu zaidi, mara nyingi kwa robo au theluthi, tangu wiki za mwanzo.

Yote haya yanarudi kwenye TSH, na TSH ina safari yake. Mwenye mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, huanzia kituo cha afya, ambako kwa kawaida kipimo hiki hakifanyiki. Anahitaji karatasi ya rufaa, halafu hospitali ya wilaya, pengine CHUK, hospitali ya chuo kikuu ya Kigali, au hospitali nyingine ya rufaa. Hospitalini analipa asilimia 10 ya gharama, lakini nauli na siku ya kazi iliyopotea ni zake zote. Kwa hesabu hiyo simlaumu anayegeukia kipimajoto cha faranga chache. Namlaumu anayemwacha bila tarehe ya kurudi. Mgonjwa wa levothairoksini aliyetulia anahitaji kipimo kimoja au viwili kwa mwaka, na sioni kwa nini sampuli yake isichukuliwe kituo cha afya, ikapelekwa hospitali ya wilaya, majibu yakarudi kwa simu.

Kipimajoto hata hivyo kina kazi yake halisi, nayo ni ya dharura. Kabimazoli, kwa watu wachache, chini ya mmoja katika mia, huua chembe nyeupe za damu, hasa katika miezi 3 ya mwanzo. Dalili yake ni homa na koo kuuma. Kigali homa hiyo itapimwa malaria, na jibu la hapana linaweza kumrudisha nyumbani na dawa ya koo. Mwenye thairoidi iliyopitiliza akipata homa kali, mapigo ya mbio na kuchanganyikiwa, hasa baada ya maambukizi au kuacha dawa, yuko hatarini kufa ndani ya siku chache. Na mzee mwenye upungufu aliyesinzia, aliyevimba uso na kupoa, anaweza kuwa na joto chini ya nyuzi 35, ambako vipimajoto vingi vya kioo ndipo vinapoanzia kusoma: zebaki isipopanda, amini kwamba amepoa, na umkimbize hospitali.

Kwa hiyo, msomaji unayemeza kabimazoli: ukipata homa pamoja na koo kuuma, simamisha dawa, nenda siku hiyohiyo, na unapopimwa malaria taja jina la dawa yako na uombe chembe nyeupe zihesabiwe.